Machozi kwa Ajili ya Rafiki

Dominika ya 5 ya Kwaresima, Mwaka A (Yn 11:1-45)



Karne nyingi kabla ya Injili kuandikwa, watu wa Mesopotamia, katika nchi iitwayo leo Iraki, walisimulia habari za Gilgamesh, mfalme wa Uruk. Waliziandika juu ya vibao vya udongo, na vingi vilifukuliwa katika karne ya 19 kwenye magofu ya Ninawi, mji ule ule alikotumwa nabii Yona. Hayo si Maandiko Matakatifu. Lakini walioyaandika walifiwa kama tunavyofiwa sisi.

Gilgamesh alikuwa jabali, theluthi mbili mungu na theluthi moja mtu, naye aliwaonea raia wake. Ndipo akafinyangwa kwa udongo mtu wa kulingana naye, Enkidu, aliyekulia nyikani pamoja na swala. Wakashikana mieleka, kisha wakapatana, wakawa chanda na pete. Pamoja walimwua Humbaba, mlinzi wa msitu wa mierezi. Baadaye Enkidu akaugua siku 12, akafa.

Shujaa asiyejali kifo akakaa na maiti siku sita na usiku saba, asikubali izikwe, mpaka funza alipodondoka puani. Hapo akashikwa na hofu. Akavaa ngozi za wanyama, akatangatanga akitafuta namna ya kutokufa. Alimlilia rafiki, lakini alikimbia kwa ajili yake mwenyewe. Mwishowe aliupata mmea wa kurudisha ujana. Alipokuwa akioga, nyoka akauiba.

Tusimcheke. Katika misiba yetu mjane huketi mkekani na ndugu hupewa pole, na hiyo ni haki yao. Je, rafiki wa marehemu yuko wapi? Mara nyingi yuko nje, anapanga viti au anachimba kaburi, wala hapewi pole, maana si ndugu wa damu. Matanga yakiisha hurudi kwake kana kwamba hakufiwa. Nanyi makatekista, mnaozitembelea nyumba za wafiwa, mwulizieni huyo pia.

Sasa tutazame Bethania. Lazaro hakuwa ndugu wa Yesu kwa damu. Bwana alimwita rafiki. Naye, akijua kwamba punde angemtoa kaburini, alilia. Hakumkemea Maria kwa machozi yake, wala hakumwambia ajikaze, neno ambalo sisi tu wepesi mno kulitamka. Marta alipotaja harufu, kwa kuwa siku nne zilikuwa zimepita, Bwana hakurudi nyuma. Gilgamesh alipouona uozo alikimbia. Yesu alitaka jiwe liondolewe.

Tena alijua gharama yake. Wanafunzi walikuwa wamemkumbusha kwamba huko Uyahudi watu walitaka kumpiga mawe, akaenda hata hivyo. Yohane anatueleza kwamba baada ya ishara hiyo Baraza lilikutana, na tangu siku ile wakafanya shauri la kumwua. Mmoja alitolewa kaburini, na kwa sababu hiyo mwingine akaandaliwa kifo.

Kutoka Bethania hadi Yerusalemu ni kama kilometa tatu tu. Dominika ijayo, Dominika ya Matawi, tutamsindikiza katika njia hiyo.