Kubadilisha Plagi za Pikapu Nyumbani

Leo hatutazungumzia mbegu wala mbolea. Tutazungumzia chombo kinachotoa mazao shambani na kuyafikisha sokoni, yaani pikapu, na hasa kile kidude kidogo kinachoitwa plagi.

Wewe uliyeko Dumila, Magole, Msowero au Rudewa unalijua jambo hili. Nyanya zimechumwa, matenga yamepangwa, mnunuzi anasubiri pale Dumila, barabara ya Kilosa inapokutana na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Unawasha gari: linatetemeka, linakohoa, halina nguvu. Mafundi husema gari linamisi. Ukilazimisha kwenda hivyo hivyo hadi Morogoro, ambako ni zaidi ya kilomita 60, utateketeza petroli bure. Ukielekea upande wa Gairo, kule kwenye kupanda, huenda gari likakataa kabisa. Na nyanya, ndugu yangu, hazimsubiri fundi.

Sasa, plagi hufanya kazi gani? Ndani ya kila silinda ya injini, hewa na petroli huchanganyika. Plagi hutoa cheche ya umeme, mchanganyiko ule unawaka, na ndipo injini inapopata nguvu. Kama injini ina silinda nne na plagi moja imekufa, basi silinda ile haifanyi kazi, na petroli yake inatoka kwenye ekzosi bila kuungua. Umeilipia, lakini haikukusukumia gari.

Kabla hujagusa chochote, jiulize: gari langu linatumia petroli au dizeli? Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Zile plagi zake ni za kupasha joto tu wakati wa kuwasha, na hizo siyo za leo.

Haya, kama ni petroli, tayarisha vifaa vyako. Unahitaji spana ya plagi, ambayo kwa magari mengi ni namba 21 au 16, geji nyembamba ya kupimia nafasi, kitambaa safi, na pampu ya baiskeli. Usishangae, pampu ya baiskeli ina kazi yake hapa. Plagi mpya nunua kwa namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Usinunue kwa kutazama umbo tu. Plagi yenye shingo ndefu kupita kiasi inaweza kugongana na pistoni, na hapo injini imekwisha.

Jambo la kwanza: acha injini ipoe kabisa. Injini nyingi zina kichwa cha aluminiamu, na ukifungua plagi wakati kingali cha moto, meno ya tundu yanaweza kung'oka. Tundu likiharibika, gharama yake ni mara nyingi kuliko bei ya plagi zote nne. Fungua pia waya hasi wa betri. Na usivute sigara, wala usiweke kibatari karibu. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini unawaka.

Jambo la pili: shughulikia plagi moja moja. Usichomoe waya zote kwa mara moja. Kila waya una silinda yake, na ukizichanganya, gari litapiga mlipuko au litakataa kuwaka. Vuta waya kwa kushika kile kifuniko chake cha mpira. Ukivuta waya wenyewe utakatika kwa ndani. Kama pikapu yako ni ya miaka ya karibuni, huenda haina waya hizo. Kila plagi ina koili yake juu. Hapo chomoa soketi, fungua bolti yake, kisha inua koili taratibu.

Jambo la tatu: legeza plagi kidogo tu, kisha ichukue ile pampu ya baiskeli upulize vumbi na mchanga kando yake. Wewe mwenyewe unalijua vumbi la njia zetu za mashambani wakati wa kiangazi. Chembe ya mchanga ikiingia ndani ya silinda, itakwaruza ukuta wake kila pistoni inapopanda na kushuka. Baada ya kupuliza, maliza kuifungua. Kama imegoma, usitumie nguvu. Tia mafuta ya kulegezea, ngoja, ujaribu tena polepole. Ikiendelea kugoma, hapo ndipo pa kumwita fundi.

Sasa usiitupe plagi ya zamani. Itazame, kwa sababu inakueleza hali ya injini yako. Ikiwa ncha yake ni ya kijivu au kahawia hafifu, injini ni nzima. Plagi imechoka kwa umri tu. Ikiwa ina masizi makavu meusi, injini inapata petroli nyingi na hewa chache. Angalia chujio la hewa, mara nyingi limeziba kwa vumbi. Ikiwa imelowa mafuta meusi yanayong'aa, oili inapenya, labda ringi zimelika. Hapo plagi mpya zitakusaidia kwa siku chache tu. Na ikiwa ni nyeupe, imebabuka au ncha imeyeyuka, injini inachemka kupita kiasi, au umefunga plagi isiyo yake. Panga plagi zako kwa mpangilio wa silinda, ili ujue ugonjwa uko wapi.

Ukishasoma hayo, pima nafasi kwenye ncha ya plagi mpya. Magari ya zamani yenye pointi mara nyingi huhitaji kama milimita 0.7 hadi 0.8. Mengi ya baadaye huhitaji kama milimita 1.0 hadi 1.1. Neno la mwisho ni la kitabu cha gari lako. Plagi za iridiamu usizisugue wala usizikunje, ncha yake ni nyembamba sana.

Kufunga ndiko kunakowashinda wengi. Anza kwa mkono mtupu, bila mpini wa spana. Plagi iingie kwa ulaini, mzunguko baada ya mzunguko. Ikikaza mapema, imeingia upande. Itoe uanze upya. Ikishakaa, ndipo utie mpini. Plagi mpya yenye washa, zungusha nusu mzunguko, basi. Isiyo na washa, ile yenye kitako cha mshazari, inataka kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko. Ukifikiri kukaza sana ndiyo usalama, unalitafutia tundu maradhi.

Rudisha waya, sukuma mpaka usikie imeshika, kisha nenda kwenye plagi inayofuata. Ukimaliza zote, rudisha betri, uwashe. Kama bado linamisi, usishike waya kwa mkono injini ikiwa inanguruma. Umeme wa koili ni wa maelfu ya volti.

Plagi za kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 20,000 hivi. Za iridiamu huenda mbali zaidi. Lakini mkulima asingoje tarakimu. Zikague kabla ya mavuno, wakati gari bado halina mzigo. Weka moja ya akiba, pamoja na spana yake, chini ya kiti. Na maarifa haya hayaishii kwenye pikapu. Pikipiki yako na ile pampu ya petroli inayomwagilia bustani ya nyanya zina plagi pia, na husomwa vile vile.

Fundi tunamhitaji, na kazi zake ni nyingi. Lakini hii inaweza kuwa yako, uani kwako, asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Tengeneza kabla ya mavuno, ili siku ya mavuno gari libebe mazao na wewe ubebe fedha yako nyumbani.