Ufito wa Mwaka Jana

Fikira zetu leo ziende nyuma ya nyumba, kwenye bustani, tukautazame mmea mmoja wenye miiba uitwao blakiberi.

Sisi wa Eldoret, hapa West Indies na mitaa jirani, tunakaa yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi huu waupendeza mmea huo. Jamaa zake wa mwituni huota wenyewe kandokando ya misitu ya nyanda zetu za juu, na watoto wachungao ng'ombe wayajua matunda yake.

Kuupanda si kazi ngumu. Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Changanya udongo na samadi iliyooza, upande mvua ndefu zianzapo, miche ipishane kama mita moja. Tandaza nyasi kavu shinani. Kisha simamisha nguzo mbili na waya, fito zake zipate kufungwa. Maana ncha ya ufito ikiinama na kugusa udongo hutoa mizizi, na usipoangalia bustani yote itakuwa miiba. Tunda lichume likiwa jeusi kabisa, liachie lenyewe mkononi. Ukilichuma jekundu halitaiva bakulini.

Lakini neno kubwa ni hili. Mizizi ya blakiberi huishi miaka mingi, bali kila ufito huishi miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza hurefuka na kutoa majani. Mwaka wa pili huchanua, huzaa, kisha hukauka. Ziko aina za siku hizi zizaazo mwaka ule ule wa kwanza, ila desturi ya nyingi ni hiyo. Basi mavuno yakiisha, mwenye bustani huchukua mkasi na kuukata karibu na udongo ule ufito uliomlisha.

Asiyejua huuonea huruma. Husema, "Huu ndio uliozaa, nitaukataje?" Akiona chipukizi changa lisilo na tunda hata moja, hulikata hilo. Mwaka ufuatao hapati kitu. Aliouacha umekufa, na aliokata ndio ungezaa.

Ndugu zangu, je, si hivyo tufanyavyo makanisani mwetu? Mwenyekiti wa kwaya ni yule yule miaka kumi na mitano. Mweka hazina hakumwonyesha mtu daftari. Kijana akisimama kutoa shauri, huambiwa aketi, kwa kuwa hajazaa bado. Atazaaje naye kila mwaka hukatwa? Kisha twauliza kwa nini vijana wametuacha.

Musa aliambiwa na Mungu amwekee Yoshua mikono mbele ya mkutano wote, naye akafanya hivyo angali hai, watu wakiona. Hesabu sura ya 27 yatueleza. Yohana Mbatizaji naye alipoona watu wakimwendea Yesu hakuona wivu. Alikubali yeye apungue na Bwana azidi.

Mzee wangu, mama yangu, usihuzunike. Kinachokatwa ni cheo, si mtu. Matunda uliyozaa yameliwa, watu wameshiba, na Mungu ameyahesabu. Mzizi ungali pale pale, nao mzizi wa Kanisa ni Kristo, si mimi wala wewe. Tena chipukizi haliachwi litambae ovyo. Hufungwa kwenye waya, kwa upole, lisivunjike. Hiyo ndiyo kazi yako sasa. Nani atamfundisha kijana kuandika hesabu za sadaka kama si wewe uliyeziandika?

Nawe kijana, ufito wa mwaka wa kwanza haulali. Huo ndio mwaka wake wa kukua. Usione aibu kwa kukosa matunda leo. Ona aibu ukikataa kufungwa.

Juma hili, wewe mwenye kazi kanisani, mwite kijana mmoja kwa jina lake. Mketishe karibu nawe, umfungulie daftari.

Na tuombe. Ee Bwana, mwenye shamba, utupe moyo wa kuzaa wakati wetu, na moyo wa kupisha wakati wetu ukiisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.