Nyumba za Kushikana Kuta Katika Mitaa ya Viwanja Vikubwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Kamati imetuomba tuseme neno juu ya jambo lililowagawanya wanachama. Je, katika mitaa ya Nairobi yenye viwanja vikubwa, ambako kanuni imekuwa nyumba moja kwa kiwanja kimoja, wenye viwanja waruhusiwe kujenga nyumba za kushikana kuta? Wengine wenu mwasema hayo ni mambo ya matajiri wao kwa wao. Sisi twaona yatuhusu sana.

Mji huu ulizaliwa na reli. Njia ilifika hapa mwaka 1899. Baadaye serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye miinuko na miti, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki, karibu na reli na viwanda. Ubaguzi wa rangi katika sheria ulikwisha, lakini ukubwa wa viwanja haukwisha pamoja nao. Mahali pengi palipopimwa nusu eka kwa jamaa moja, kanuni ya kiwanja iliendelea kuwazuia watu wale wale bila kutaja rangi ya mtu.

Na tena kanuni hiyo haisemi kweli. Nyuma ya nyumba kubwa kuna vyumba vya watumishi: mpishi, mtunza bustani, askari wa usiku, pengine na watoto wao. Jamaa mbili au tatu zimekaa katika kiwanja kile miaka yote, wala hatukusikia mtu akilia kwamba mtaa umejaa. Kilio huanza wale wa nyuma wanapotaka mlango wao wa mbele.

Sasa tufanye hesabu. Nusu eka ni futi za mraba 21,780. Nyumba nane, kila moja na kipande cha futi 25 kwa 60, huchukua futi 12,000. Zinabaki 9,780 za njia, miti na mtaro wa maji ya mvua. Nyumba nane zikisimama mbali mbali zina kuta za nje 32. Zikishikana safu moja zina kuta 25. Kuta saba ni msingi, mawe, saruji na mishahara ya mafundi. Hakuna hata mmoja wetu atakayenunua nusu eka, hata akikopa katika chama cha akiba na mikopo mpaka astaafu. Kipande kimoja katika vinane, pengine mtu na mkewe wakisaidiana wataweza.

Ndugu mmoja alituuliza, "Mwataka kuturudisha landi?" Swali hilo ni la haki, maana wengi wetu twaijua Muthurwa. Lakini ubaya wa landi haukuwa ukuta wa kushirikiana. Ubaya ulikuwa chumba kimoja, bomba la maji la watu wote, choo cha watu wote, na mawazo ya mkoloni kwamba mfanya kazi ni mtu peke yake aliyeacha mke shamba. Nyumba yenye vyumba vyake, jiko lake, choo chake na ua wake ni nyumba, hata kama jirani yuko upande wa pili wa mawe. Ila ukuta wa katikati hapana budi upande mpaka juu kwenye paa. Ukiishia kwenye dari, moto wa nyumba moja hupita juu na kula safu nzima.

Wenye mitaa nao wana neno la kweli, tusiwacheke. Tazameni Kileleshwa. Nyumba za bustani zilibomolewa, yakaja maghorofa marefu, lakini barabara na mabomba ya maji machafu yalikuwa ya watu wachache. Maji mengi ya Nairobi yatoka bwawa la Ndakaini, na mvua ikipungua mji hugawiwa kwa zamu. Na je, mpiga gangi gani amehamia ghorofa za Kileleshwa? Kodi haikushuka kwetu. Kwa hiyo ruhusa peke yake haitoshi.

Twapendekeza basi tawi likubali, kwa masharti: nyumba zisipite ghorofa moja juu ya ile ya chini, mabomba yapanuliwe kwanza, ndipo misingi ichimbwe, na kila nyumba iwe na hati yake, ili iweze kuuzwa peke yake kwa mtu wa mshahara.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 humpa mwananchi nafasi ya kutoa maoni. Matajiri wana mawakili wa kuwaandikia. Barua yetu imekwisha andikwa, iko mezani kwa Katibu. Anayekubali atie sahihi kabla ya kutoka, na asiyekubali asimame sasa, tumsikie.