KILICHO CHINI YA ZULIA NDICHO UWANJA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia siku ya mafunzo)

 

Tumeombwa tueleze jinsi kikundi chetu kilivyoweka uwanja wa nyasi bandia nyuma ya nyumba ya mwanachama mmoja. Tutasema ukweli wote pamoja na aibu yetu, kwa maana tuliuweka mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea, na mtoto wa watu akaumia.

Nyasi bandia ni zulia la plastiki lililotengenezwa lifanane na majani. Zilipata sifa mwaka wa 1966 zilipowekwa katika uwanja wa Astrodome, mjini Houston, Marekani. Uwanja ule una paa, na nyasi za kweli zilikuwa zimekufa kwa kukosa jua. Siku hizi huko Marekani watu huziweka hata nyuma ya nyumba zao. Sisi zilitufikia kwa bahati tu. Shule moja mjini ilikuwa ikibadilisha zulia lake, ikatupatia vipande vikuukuu bure. Vilitosha mita 12 kwa 6, mahali pa watoto kucheza mpira.

Hilo neno "bure" lilitupumbaza. Jumamosi moja tulifyeka majani, tukatandika zulia juu ya udongo mtupu, tukapigilia misumari kandokando. Jioni watoto wanacheza, nasi tunapiga makofi. Kisha mvua ya masika ikaja. Maji yakasimama chini ya zulia. Udongo ukabonyea hapa, ukavimba pale, maungio yakaachana. Msichana wa miaka 12 akajikwaa kwenye ukingo ulioinuka, akavunjika kifundo cha mguu. Wazazi wakawazuia watoto wao kuja. Naye baba mwenye boma akatuambia tuondoe takataka zetu. Jameni, hapo ndipo tulipomkumbuka yule mtu wa Injili aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga.

Kabla ya kushika jembe tena, tulienda kwa wazazi wa yule msichana tukaomba msamaha, na mfuko wa kikundi ukalipa hospitali. Kisha tukakaa na mwenye boma, mkewe na watoto wao wakubwa. Mara ya kwanza tulikuwa tumeongea na mama peke yake, kwa mdomo tu. Sasa tuliandika: uwanja utakaa miaka mingapi, nani ana ruhusa kuingia na saa ngapi, nani atarekebisha kikiharibika kitu, na itakuwaje familia ikihitaji shamba lake. Wote wakatia sahihi, mzee wa kijiji akashuhudia.

Halafu kazi. Sikilizeni vizuri hapa.

Kwanza, tulipima kwa kamba na vigingi. Ili pembe iwe sawa, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili ikiwa mita 5 kamili, pembe yako ni sawa.

Pili, tuliondoa udongo mweusi wenye mizizi, kina cha sentimita 10. Udongo huo hunywa maji na kuvimba. Tuliupeleka kwenye mboga.

Tatu, tulitengeneza mteremko. Kwa kila mita moja, ardhi inashuka sentimita moja. Upana wetu ni mita 6, kwa hiyo upande wa chini uko sentimita 6 chini ya ule wa juu. Mtoto haoni, lakini maji yanaona. Tulichimba mtaro upande wa juu wa kukinga maji ya boma, na mwingine upande wa chini wa kuyapeleka kwenye migomba.

Nne, tulijaza murram, sentimita 5 kwanza, tukainyunyizia maji kidogo na kuishindilia kwa gogo zito lenye mishikio. Kisha tukaongeza sentimita 5 nyingine, tukashindilia tena. Eneo kama letu linahitaji karibu mita 9 za ujazo za murram kabla ya kushindiliwa. Ukikanyaga kwa kisigino na pasibaki alama, hapo umemaliza. Juu tuliweka vumbi la mawe, sentimita 2, ili uwanja upite kidogo usawa wa ardhi ya kando.

Tano, ndipo zulia likaja. Lianike juani kwanza lilainike. Majani ya vipande vyote yaelekee upande mmoja. Usipandanishe kingo. Zikutanishe, na chini yake weka utepe mpana wenye gundi. Mwisho, mwaga mchanga mkavu na uusugue kwa ufagio mgumu. Uzito wake hulishika zulia na kuyasimamisha majani.

Zulia lina taabu zake pia. Jua la saa sita huliwasha moto kuliko nyasi za kweli, na miguu mitupu huungua. Sisi tunacheza asubuhi na jioni. Jiko lisikaribie, kwa maana plastiki huyeyuka. Na likichakaa, msilichome moto. Moshi wake ni mbaya.

Sasa, vijana wengine hapa wanawaza kukopa ili kununua zulia. Tunawasihi, msifanye hivyo. Sisi tulilipata bure, na bado lilitupa hasara mpaka tulipotengeneza chini. Hatua nne za kwanza peke yake zinakupa uwanja wa murram unaochezeka. Uwanja kamili wa mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, na uache mita 3 kila upande. Wavu wa wanaume huwa na kimo cha mita 2.43, wa wanawake 2.24. Jembe mnalo, mikono mnayo.

Mvua mbili zimepita na uwanja wetu haujatuama maji. Yule msichana alirudi, na babake ndiye anayezibua mtaro. Basi, anzeni na makubaliano, kisha mteremko, kisha murram. Zulia likija, lije mwisho.