Jani Linaloua Vijidudu

 Wamama na wababa wa Bunia, leo tuzungumze juu ya majani tunayochemsha nyumbani.

Kwa jirani zetu wa Rwanda kuna mmea unaoitwa umuravumba. Wazee wanautumia kwa kikohozi, homa na kuhara. Wanasayansi waliupeleka maabara. Mwaka 1986 walitangaza kwamba ndani ya jani lake waliona kitu kinachozuia vijidudu. Wazee hawakukosea, na hilo linanifurahisha sana.

Jaribio lenyewe ni hivi. Vijidudu vinapandwa kwenye kisahani. Maji ya jani yanadondoshwa juu yake. Kesho yake wanaangalia. Dawa ikiwa na nguvu, pale ilipodondoka vijidudu havikuota. Panabaki duara safi.

Lakini sikilizeni vizuri. Javeli pia inaua vijidudu. Nani atampa mtoto javeli anywe? Ndiyo maana jani linajaribiwa tena. Je, linaumiza maini? Figo? Mimba? Kipimo gani kinatosha?

Narudia: kuua vijidudu ni jambo moja, kuwa salama tumboni ni jambo lingine.

Basi, ukifika kituo cha afya, mwambie muuguzi jani ulilokunywa. Usifiche, si aibu. Beba hata tawi moja alione. Mama mwenye mimba, usinywe jani lolote kabla ya kuuliza. Na mtoto akiharisha damu, au akishikwa na homa kali, usingoje chungu kichemke. Mpeleke saa hiyo hiyo.