Kifundo Kikiteguka

Msikilizaji, umeshuka kwenye daladala, mguu umepinda, na kifundo kimevimba kama andazi. Tafadhali, usikimbilie kuchuliwa wala kukandwa kwa maji moto! Ndani, kano zinazounganisha mfupa na mfupa zimevutika au kuchanika, na joto siku mbili tatu za mwanzo huzidisha uvimbe. Funga barafu kwa kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, rudia baada ya saa mbili. Inua mguu juu ya mto.

Maumivu yakipungua, usibaki kitandani; kiungo kitakakamaa. Andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kisha simama kwa mguu huo mmoja ukishika ukuta.

Ukishindwa kutembea hata hatua 4, huenda mfupa umevunjika. Nenda hospitali leo hii ukapigwe eksirei.