Nani Amefungwa? Upatanisho wa Kisarufi na Lawama katika Mabishano ya Mashabiki wa Kandanda



Mada niliyoichagua huenda ikaonekana nyepesi mno kwa ukumbi huu. Mihadhara ya namna hii imezoea kushughulikia tendi, lahaja na istilahi. Mimi nakusudia kushughulikia watu wazima wanaogombana kwa sababu timu yao imefungwa mabao matano. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuusikiliza ugomvi huo kwa makini, kijiweni au ndani ya daladala, atakuwa ametambua kwamba haukawii kugeuka kuwa ugomvi wa sarufi. Mmoja anamlaumu kocha, wa pili anamtetea, wa tatu anatupa kijembe, kisha hoja zinapokauka, anatokea mtu wa kusema, "Kwanza kajifunze Kiswahili." Hapo mpira husahauliwa, na vita huhamia kwenye ngeli.

Watu wengi huona kwamba hayo ni mambo mawili yasiyohusiana: kwanza kandanda, halafu sarufi. Mimi naona ni jambo moja. Kiswahili kimeumbwa kwa namna ambayo shabiki hawezi kukizungumzia kipigo bila kutamka, tena mwanzoni mwa kitenzi, ni nani hasa aliyefungwa. Kwa hiyo anayesahihisha kiambishi cha mwenzake anagusa lawama, hata kama yeye mwenyewe anadhani anagusa kanuni tu.

Nitauchukua mfano unaofahamika. Tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Kocha wa Simba aliondolewa siku chache baadaye. Ili mashabiki wa Yanga waliomo humu wasifurahi kupita kiasi, nitakumbusha kwamba tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5-0, na kwamba mwaka 1977 iliifunga mabao 6-0. Na ili wale wa upande wa pili nao watulie, mwaka 1968 Yanga ilishinda 5-0. Kila upande una kidonda chake, na kila upande una vidole vitano vya kumwonyesha mwenzake.

Katika sentensi hizo nimesema "Yanga iliifunga Simba", nikitumia kiambishi *i-* kwa klabu zote mbili. Huo ndio usemi ambao msahihishaji wa kijiweni angeuridhia: timu ni nomino ya ngeli ya I-ZI, basi jina la timu lifuate ngeli hiyo. Lakini msikilizeni shabiki wa Simba usiku wa siku ile. Mmoja anasema "Simba imefungwa." Mwingine anasema "Simba wamefungwa." Wa tatu, na huyu ndiye mwenye maumivu, anasema "Tumefungwa." Kutoka upande wa pili linasikika la nne, "Simba amefungwa," likifuatwa na kicheko.

Semi hizo nne haziko sawa hata kidogo. Anayesema "imefungwa" ameitaja taasisi: klabu yenye ofisi, viongozi na rangi nyekundu. Hakumnyooshea mtu kidole. Anayesema "wamefungwa" ameiacha taasisi ikiwa salama na kuwatupia mzigo wachezaji. Wao ndio waliofungwa, si sisi. Anayesema "tumefungwa" amejiingiza uwanjani na kukubali aibu. Naye anayesema "amefungwa" amemrudisha simba porini, akamtia kamba; kwa kuwa kitenzi *funga* chabeba maana ya kukaza kwa kamba, na ya kutia gerezani, na ya kushinda katika mchezo, mnyama yule ameshindwa na kutiwa pingu kwa neno moja.

Msahihishaji anaposema, "Timu haiwi *wamefungwa*, sema *imefungwa*," mwenye kusahihishwa hukasirika kuliko kosa lenyewe linavyostahili. Sababu ni kwamba msahihishaji amewafutia wachezaji dhambi zao. Yule bwana alikuwa amekwisha kutoa hukumu kwa kiambishi *wa-*, na sasa anaambiwa aibatilishe kwa jina la sarufi. Isitoshe, kanuni anayoambiwa aifuate si imara kama inavyodaiwa. Husemwa "polisi imetangaza" na husemwa pia "polisi wametangaza", kwa kadiri msemaji anavyolitazama jeshi hilo kuwa chombo au kuwa watu. Upatanisho wa namna hii unaoongozwa na maana haukuanzia uwanjani, na hakuna haja ya kuuonea haya.

Kuna kisa kidogo cha kihistoria hapa. Klabu ya Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, haikuzaliwa na jina hilo. Iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na ni mwaka 1971 ilipojiita Simba. Kabla ya hapo, kejeli ya "amefungwa" haikuwa na mahali pa kushika, kwa kuwa Sunderland ni jina la mji wa Uingereza na halina mkia wala makucha. Jina jipya lilikusudiwa kuleta nguvu na Uafrika. Likaleta pia ngeli ya viumbe hai, na pamoja nayo silaha ambayo mtani hakuwa nayo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, imesalimika kwa upande huo, maana jina lake ni mkato wa Young Africans na halina maana nyingine ya kuchezewa. Lakini nayo ina lakabu ya Wananchi, na lakabu hiyo hailazi damu: ni wingi wa watu, kwa hiyo "Wananchi wamefungwa" ni msiba wa umma, ilhali "Mnyama amefungwa" ni msiba wa mmoja. Mhariri wa gazeti anayechagua kati ya jina la klabu na lakabu yake anachagua pia upatanisho, na hivyo anachagua ukubwa wa aibu.

Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Waligundua kwamba wanafunzi huelekea kusema "sisi" timu ya chuo chao inaposhinda kuliko inaposhindwa. Matokeo hayo hayatamshangaza mtu wa Kariakoo. Tofauti iko katika lugha. Katika Kiingereza mtu aweza kuutaja mchezo kwa jina la timu na kitenzi kisichodokeza chochote kuhusu nafsi au idadi, hasa katika wakati uliopita. Kitenzi cha Kiswahili katika sentensi ya kawaida hakitoi mwanya huo: lazima kibebe kiambishi cha kiima, na kiambishi hicho lazima kiwe *i-*, au *wa-*, au *tu-*, au *a-*. Shabiki wetu hana pa kujificha.

Au anapo? Tuitazame tena kauli ya kutendwa. Kitenzi *funga* katika maana ya kimichezo huweza kuchukua yambwa mbili, anayefungwa na kile kinachofungwa: "Yanga iliifunga Simba mabao matano." Tukiigeuza sentensi hiyo katika kauli ya kutendwa, ni anayefungwa peke yake awezaye kupanda na kuwa kiima: "Simba ilifungwa mabao matano." Hakuna Mswahili atakayekubali "mabao matano yalifungwa Simba". Lakini aliyefungwa akiondolewa kabisa katika sentensi, mabao nayo huweza kupanda: "Mabao matano yalifungwa." Huo ndio upenyo. Sikilizeni viongozi wa klabu wanapoeleza kipigo, mtaona jinsi mabao yanavyofungwa, nafasi zinavyopotezwa na makosa yanavyofanyika, pasipo mtu yeyote kutajwa. Wanaisimu tunaiita hali hiyo kuondolewa kwa mtenda na mtendwa. Mashabiki huiita kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya Mwenyekiti.

Nije kwenye kosa linalosahihishwa kwa ukali zaidi, nalo ni "Mnyama kafungwa." Msahihishaji husema kwamba *ka-* ni kiambishi cha udogo, kama katika "katoto", na kwamba mnyama mkubwa hawezi kuwa "ka". Hoja hiyo inavutia, lakini imekosea. Kingekuwa kiambishi cha udogo, kingehitaji alama ya hali timilifu baada yake, kama tusemavyo "katoto kamefungwa". Katika "kafungwa" hamna *-me-*, kwa sababu *ka-* hiyo imesimama badala ya *ame-* yote. Ndiyo maana haitumiki ila katika nafsi ya tatu umoja. Umbo hilo husikika kila siku Unguja na pwani ya bara. Na ni Kiunguja hicho hicho kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, kazi ambayo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaiendeleza. Mtu aweza kusema kwamba umbo hilo halifai katika barua ya serikali, nami nitakubaliana naye. Akisema si Kiswahili, atakuwa anaifukuza lugha nyumbani kwake.

Kuhusu "goli tano" dhidi ya "magoli matano" sitakawia. Hilo ni suala la kuhesabu vipimo, na wasemaji huelekea kuvihesabu kama wanavyohesabu shilingi. Linalonivutia zaidi ni ubunifu ambao wasahihishaji hawaugusi kwa sababu hawauoni. Neno *bila*, ambalo shuleni hufundishwa kwamba lazima lifuatwe na kitu kinachokosekana, katika kandanda limekuwa tarakimu: "tano bila", "bila bila". Waandishi wa michezo wa Tanzania nao wametofautisha *sare* na *suluhu*: timu zikifungana bao moja moja ni sare, na zisipofungana kabisa ni suluhu. Mabao matano yameitwa *mkono*. Sijui kikao cha istilahi ambacho kingeweza kuzaa tofauti ya sare na suluhu kwa gharama ndogo namna hiyo.

Limebaki jambo moja, na kwalo nataka kuongea bila mzaha. Uhasama wa Simba na Yanga huitwa utani wa jadi, na jina hilo halikuokotwa. Utani katika jamii zetu una sheria zake. Mtani huruhusiwa kukukejeli hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Wajibu wako ni kusubiri zamu yako. "Mnyama kafungwa" ni utani halali, na jibu lake halali ni kukumbusha mwaka 2012. Anayejibu kwa kusahihisha sarufi amevunja sheria ya utani, kwa kuwa amemwita mwamuzi ambaye hakuwa uwanjani, yaani mwalimu wa shule. Ameacha kubishana kama mtani na ameanza kuzungumza kama mkubwa.

Mwamuzi huyo akishaitwa, adhabu yake huwaangukia watu wale wale. Kosa linalodhihakiwa kuliko yote si la upatanisho bali la matamshi: *mpila* badala ya *mpira*, *gori* badala ya *goli*. Wapo mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili ambao lugha zao za kwanza hazitofautishi sauti hizo mbili. Ni kweli kwamba Kiswahili kinazitofautisha, na kwamba *kula* si *kura* wala *mahali* si *mahari*. Mwalimu anao wajibu wa kufundisha hivyo darasani. Lakini hakuna aliyewahi kusikia *mpila* akashindwa kuelewa kinachozungumzwa. Mtu amekuja na hoja kwamba kiungo alicheza juu mno na kuacha nafasi mbele ya mabeki, hoja ambayo pengine ndiyo iliyo sahihi kuliko zote zilizotolewa barazani siku hiyo, naye anajibiwa kuhusu ulimi wake. Ananyamaza. Siku nyingine ataangalia mchezo na hatasema kitu. Tunajivunia kwamba Kiswahili kimewaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja, kisha tunakitumia kumwambia mmoja wao kwamba hastahili hata kuhuzunika kwa sauti.

Wanafunzi waliomo humu wanaotafuta mada za tasnifu nitawaachia kazi. Nakala za gazeti la Uhuru za mwaka 1968 na 1977 zinaweza kusomwa sambamba na za magazeti ya michezo ya mwaka 2012 na 2023. Hesabuni mara ngapi klabu iliyoshindwa imepewa *i-* na mara ngapi *wa-*, na kama hali ni hiyo hiyo kwa klabu iliyoshinda. Hesabuni Sunderland peke yake na Simba peke yake. Halafu rekodini matangazo ya redio, ambako mtangazaji hana nafasi ya kufuta alichokwisha kusema, mlinganishe. Dhana yangu ni kwamba aliyeshinda hupata *i-* mara nyingi zaidi na aliyeshindwa hupata *wa-*. Itanifurahisha kuona takwimu zenu, hata zikinipinga.